Shuga glaida hali sukari tu: Jinsi ya kumpikia nyumbani bila kumvunja mifupa

Shuga glaida akianza kuburuta miguu ya nyuma, wengi hudhani ameanguka usiku. Wanamkagua, hawaoni jeraha, wanaamua kusubiri kesho. Mara nyingi hakuanguka popote. Tatizo ni chakula.

Mifupa ya mnyama huyu mwenye gramu 100 hivi, yaani uzito wa kipande cha sabuni ya kuogea, imekuwa ikinyonywa kalsiamu kidogo kidogo kwa wiki au miezi. Na muda wote huo bakuli lake lilikuwa limejaa vitu vizuri: tufaha, zabibu, ndizi, nyama kidogo ya kuku. Kwa macho, alikuwa anakula vizuri kuliko watoto wengi.

Marekani, ambako wanyama hawa wanafugwa sana majumbani, madaktari wa wanyama wanaifahamu hali hii vizuri. Ni moja ya sababu kuu zinazowafikisha glaida kwa daktari, na inazuilika. Kwa familia zetu zilizoko huko, ambazo watoto wameshaanza kuomba kununuliwa "yule panya anayeruka", ni vyema kujua mapema kwamba kazi kubwa kuhusu glaida iko jikoni.

Kwanza, si panya

Shuga glaida ni mnyama mwenye mfuko, ukoo mmoja wa mbali na kangaruu. Mama huzaa kitoto kidogo mno kisha hukilea ndani ya mfuko tumboni. Ana ngozi iliyotandazwa kati ya mguu wa mbele na wa nyuma, na akijirusha kutoka mti mmoja hadi mwingine ngozi hiyo hufunguka kama tiara. Asili yake ni Australia, kisiwa cha New Guinea na visiwa vya jirani.

Mwaka 2020 wanasayansi waliwagawa glaida wa Australia katika spishi tatu, baada ya miaka mingi ya kuwaita wote jina moja. Na wale wanaouzwa Marekani? Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba chimbuko lao ni Papua Magharibi, upande wa Indonesia. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "huyu katoka Australia", tabasamu tu.

Ukitaka kumwelewa kwa haraka, mfikirie komba. Si ndugu hata kidogo, maana komba yuko upande wa nyani na binadamu. Lakini maisha yao yanafanana kwa namna ya kushangaza: wote hutoka usiku, wana macho makubwa, wanaishi mitini, na chakula chao kinakaribiana. Komba wadogo wa mbugani hulamba gundi ya migunga na kukamata wadudu. Glaida naye hufanya hivyohivyo kwenye migunga ya kwao. Watu wa Pwani wanamjua komba zaidi kwa kuiba tembo kwenye minazi, na hilo nalo linakueleza kitu: viumbe hawa wanapenda utamu kupita kiasi.

Porini anakula nini hasa?

Jina lake linapotosha. "Shuga" imewafanya watu waamini kwamba ukimpa matunda matamu umemaliza kazi.

Ukweli ni kwamba porini matunda si chakula chake kikuu. Anatoboa magome ya mikalitusi kwa meno yake marefu ya chini na kulamba utomvu. Anakula gundi inayotoka kwenye migunga. Analamba maji matamu ya maua pamoja na chavua, na ile asali nyembamba inayoachwa na wadudu kwenye majani. Msimu wa joto ukifika na wadudu wakawa wengi, huwageukia hao kwa nguvu: nondo, mbawakawa, buibui, chochote kinachopatikana.

Gundi ya mgunga si sukari ya kawaida. Ni nyuzinyuzi ngumu ambazo glaida anaziweza kwa sababu ana sehemu kubwa ya utumbo, ile iliyopo mwanzoni mwa utumbo mpana, ambamo bakteria huzichachua polepole. Na gundi ina madini, kalsiamu ikiwemo. Zabibu ya supermarket haina uhusiano wowote na chakula hicho, ingawa vyote ni vitamu.

Jambo jingine ambalo wafugaji wapya hawaambiwi ni kwamba mwili wa glaida hutumia nishati kidogo kuliko wa mnyama wa kawaida wa ukubwa wake, takriban theluthi mbili tu. Porini anazunguka usiku kucha akitafuta chakula. Nyumbani anatoka kwenye kimfuko chake cha kulalia, anakuta bakuli limejaa, anakula, basi. Glaida mnene ni jambo la kawaida sana, na mama aliyelishwa mafuta mengi anaweza kuzaa watoto wenye mabaka ya mafuta machoni.

Mifupa inavunjikaje kwa sababu ya tufaha?

Damu lazima iwe na kiwango fulani cha kalsiamu kila dakika. Bila hiyo misuli haikazi wala kulegea sawasawa, na moyo ni msuli. Mwili hauwezi kusubiri chakula cha kesho.

Kwa hiyo kuna tezi ndogo sana shingoni zenye kazi ya kulinda kiwango hicho. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, tezi hizo hutoa homoni inayoiambia mifupa: toeni. Mifupa inatoa. Kesho inatoa tena. Ni sawa na mtu anayelipa kodi ya nyumba kwa kuuza bati la paa, moja moja.

Fosforasi nayo inaingia hapa. Ni madini muhimu, hakuna anayesema ni sumu, lakini ikiwa nyingi kuliko kalsiamu inazuia kalsiamu kufyonzwa tumboni na kuzichochea tezi zilezile. Ndiyo maana madaktari hawaangalii tu "kuna kalsiamu kiasi gani?" bali wanauliza iko kwa uwiano gani na fosforasi. Kwa glaida, lengo linalotajwa sana ni kalsiamu iwe angalau sawa na fosforasi, na vizuri zaidi ikaribie mara mbili yake.

Sasa tazama vyakula vyenyewe. Katika kila gramu 100, tufaha lina takriban miligramu 6 za kalsiamu na 11 za fosforasi. Ndizi ina 5 kwa 22. Mahindi mabichi matamu, ambayo glaida huyapenda kufa, yana 2 kwa 89. Soma tena hiyo ya mahindi.

Protini ni mbaya zaidi kwa upande huu. Kifua cha kuku kilichopikwa kina kalsiamu ya miligramu 15 hivi na fosforasi zaidi ya 220. Wadudu wa kununua, nyenje na funza wa unga, nao wana fosforasi mara kadhaa zaidi ya kalsiamu, kwa sababu mdudu hana mifupa.

Upande wa pili wako papai, 20 kwa 10, ambalo liko palepale kwenye uwiano unaotafutwa. Chungwa lina 40 kwa 14, tini mbichi 35 kwa 14. Na bingwa ni mboga ambayo kila Mkenya anaijua: sukuma wiki, ile ya majani mapana, ina kalsiamu zaidi ya miligramu 200 na fosforasi 25 tu. Nchini Marekani inauzwa karibu kila duka la vyakula.

Spinachi inaonekana nzuri kwenye karatasi, 99 kwa 49. Lakini ina asidi ya okzali inayoifunga kalsiamu hiyo na kuipitisha hadi chooni bila kufyonzwa. Kwa hiyo usiihesabu.

Basi si nimpe papai na sukuma wiki tu?

Swali zuri. Tupige hesabu.

Chukulia glaida mmoja anakula gramu 5 za kuku usiku mmoja. Hapo ameingiza fosforasi miligramu 11 hivi na kalsiamu chini ya miligramu 1. Ili kufika uwiano wa mbili kwa moja anahitaji kalsiamu ya miligramu 22. Gramu 5 za papai zitampa miligramu 1. Hata ukimlisha papai mpaka ashibe, hatafika, na sasa umempa sukari tele bila protini ya kutosha. Kumbuka mnyama mzima anakula kwa siku chakula cha takriban asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Kwa glaida wa gramu 100 ni gramu 15 hadi 20 jumla. Nafasi tumboni ni ndogo sana.

Sukuma wiki ingesaidia zaidi kwa hesabu, ila jaribu kumshawishi glaida ale gramu 10 za sukuma wiki wakati pembeni kuna tikiti maji. Anachagua kama mtoto kwenye sherehe.

Kwa hiyo lazima uongeze unga wa kalsiamu. Ule wa kawaida, kalsiamu kaboneti, una asilimia 40 ya kalsiamu halisi. Kupata zile miligramu 21 zilizobaki unahitaji unga wa gramu 0.05.

Gramu 0.05! Mizani ya jikoni haioni hata kama umeweka kitu. Ukichota kwa vidole unaweza kuweka mara tano ya kinachohitajika, au nusu, na kesho ukaweka kiasi kingine kabisa. Na kalsiamu ikizidi, hasa ikiwa imechanganywa na vitamini D3, nayo ni hatari, kwa sababu huanza kujikusanya kwenye figo na sehemu nyingine laini za mwili. Hatuwezi kusema "weka nyingi kwa usalama."

Hapa ndipo unapoelewa kwa nini mapishi yote yanayoheshimika hupikwa kwa wingi na kugandishwa. Kwa glaida wawili kwa siku 30, ile gramu 0.05 inakuwa gramu 3 na ushee. Hiyo unaipima vizuri, unaisaga pamoja na vingine kwenye blenda, na kila kijiko kinatoka na kiasi chake. Mapishi haya yalianza kwa sababu ya vipimo, kupunguza kazi ya jikoni ni faida ya ziada tu.

Na kwa nini vyote visagwe viwe uji? Kwa sababu hawezi kuchambua uji. Ukimpa vitu vipande vipande, atachukua vitamu na kuacha vyenye faida, hata kama bakuli zima lilikuwa na uwiano kamili.

Mapishi yaliyotoka kwenye bustani za wanyama

Mchanganyiko maarufu kuliko yote unaitwa Leadbeater, jina la mnyama mwingine wa jamii hiyo anayeishi misitu ya jimbo la Victoria, Australia, na ambaye yuko hatarini kutoweka. Bustani ya wanyama ya Taronga iliyoko Sydney imekuwa ikiutumia, na vitabu vya tiba ya wanyama vimeunukuu mara nyingi.

Ni rahisi kuliko unavyofikiri: maji ya uvuguvugu mililita 150, asali mililita 150, yai 1 la kuchemsha lililomenywa, gramu 25 za nafaka ya watoto wachanga yenye protini nyingi, na kijiko 1 cha chai cha unga wa vitamini na madini. Unachanganya asali na maji, unasaga yai peke yake kwenye blenda ukiongeza maji hayo polepole, kisha vitamini, mwisho nafaka. Unapoa, unaweka kwenye friji au unagandisha.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Leadbeater haikusudiwi kuwa chakula kizima. Katika ratiba ya Taronga, wanyama wawili hupewa vijiko 2 vya chai tu vya mchanganyiko huo kwa usiku, pamoja na vipande vya matunda na viazi vitamu vilivyopimwa kwa gramu 2, 3 au 4 kila kimoja, na wadudu juu yake. Gramu tatu za tufaha ni kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Linganisha na nusu tufaha ambalo watu wanatupia kwenye kizimba.

Miongoni mwa wafugaji wa Marekani, pishi linalotajwa sana ni lile la unga wa Wombaroo High Protein, bidhaa ya Australia iliyotengenezwa kwa ajili ya ndege na wanyama wanaokula nekta na wadudu. Pishi la kawaida ni vikombe 2 vya maji ya uvuguvugu, kikombe 1 na nusu cha asali, mayai 3 yaliyovurugwa na kuiva bila mafuta wala chumvi, robo kikombe ya unga huo, na kijiko 1 cha chakula cha chavua ya nyuki. Vyote vinasagwa hadi viwe laini. Kiasi hicho hutoa zaidi ya vijiko 60 vya chakula, na kwa kuwa kipimo ni kijiko kimoja kwa glaida kila usiku, wawili wanakula mwezi mzima. Kwenye friza haugandi kama barafu kwa sababu ya asali. Unabaki kama aiskrimu na unachoteka kwa kijiko.

Pembeni ya kijiko hicho huwekwa kijiko kimoja cha matunda yaliyochanganywa na kimoja cha mboga, vyote vimekatwa vidogo.

Kuna pishi la tatu, linalojulikana kwa herufi BML, lenye kuku wa kopo wa watoto, ngano na unga wa kalsiamu usio na fosforasi. Sitaliandika lote hapa kwa sababu linategemea bidhaa maalumu za chapa maalumu, na ukibadilisha moja hesabu yote inabadilika.

Hilo la kubadilisha ndilo linalovunja mifupa ya watu wengi, samahani, ya glaida wengi. Mtu anachukua pishi zuri, anakosa unga wa kalsiamu dukani, anasema "nitaweka wiki ijayo". Anaona asali ni ghali, anaweka sukari. Hana ile nafaka, anaweka uji wa mahindi. Kisha anachukua matunda ya pishi moja na protini ya pishi jingine, akiamini kuchanganya ndiyo uwiano. Kila pishi lilipigiwa hesabu yake likiwa zima. Chagua moja, mwonyeshe daktari wako, lifuate lilivyo.

Bakuli la usiku mmoja

Mpe jioni anapoamka, si asubuhi. Saa moja au mbili usiku inafaa. Asubuhi ondoa mabaki yote, kwa kuwa uji wenye asali na yai ukilala kwenye joto la chumba unaharibika upesi. Kilichotolewa kwenye friza kikakaa kwenye friji kitumike ndani ya siku tatu hivi.

Kwa matunda, papai liwe la kila mara. Chungwa, tini, embe kidogo na kantalupu zipishane. Tufaha, ndizi na zabibu si haramu, zinapaswa tu kuwa kionjo. Kwa mboga, sukuma wiki iliyokatwa nyembamba, karoti, viazi vitamu vilivyochemshwa, maharage mabichi ya kijani. Mahindi ukitoa yawe punje tatu au nne, kama peremende.

Wadudu ni sehemu ya chakula chake halisi, kwa hiyo usiwaogope. Nyenje wawili watatu mara kadhaa kwa wiki wanatosha ikiwa tayari anapata uji wenye protini. Siri iko kwenye kumlisha mdudu kwanza: siku moja au mbili kabla, wape nyenje wenyewe chakula chenye kalsiamu nyingi, kisha wapake unga wa kalsiamu dakika chache kabla ya kuwatoa. Funza wa unga wana mafuta mengi, wafanye zawadi. Usiokote panzi bustanini. Hujui jirani kapulizia nini.

Visivyoingia kabisa ni chokoleti, chai na kahawa, vitunguu maji na saumu, parachichi, matunda ya kopo yenye shira, na chakula chochote chenye chumvi na mafuta kutoka mezani kwako. Maji safi yawepo muda wote, hata kama uji wake ni majimaji.

Kuna wanaouliza kuhusu chembe kavu za dukani. Zipo za glaida, na zingine ni nzuri kama nyongeza ya kutafuna usiku. Maneno ya muuzaji kwamba chembe na kipande cha tufaha vinatosha kwa maisha yote, mimi siyanunui. Hata hivyo meno ni hoja halali: glaida anayekula uji mtamu tu hupata ugonjwa wa fizi, na kutafuna ganda gumu la mdudu husaidia kusafisha. Ukimwona ana meno marefu ya chini usiyakate. Yalivyo ndivyo yanavyopaswa kuwa, na hayakui tena kama ya sungura.

Ukitaka kumpa kitu cha kwao kabisa, unga wa gundi ya mgunga unauzwa. Ni gundi ileile inayovunwa Sudan na kutumika kwenye soda na peremende duniani kote. Ukiikoroga na maji kidogo na kuipaka kwenye kijiti safi, atashughulika nayo usiku kucha. Glaida asiye na kazi, na hasa anayefugwa peke yake, huweza kujing'ata au kukataa kula. Ndiyo maana wanafugwa wawili au zaidi.

Nitajuaje kama kinafanya kazi?

Nunua mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Mpime kila wiki, siku ileile, akiwa ndani ya kimfuko chake, kisha toa uzito wa kimfuko. Andika kwenye simu.

Gramu 10 zinaonekana si kitu. Kwa glaida wa gramu 100 ni sawa na mtu wa kilo 70 kupoteza kilo 7. Ukiona hivyo ndani ya wiki moja au mbili, ni safari ya daktari, usijaribu kwanza kumwongezea tunda.

Dalili za kalsiamu kupungua huanza kimya. Anashindwa kujirusha umbali aliouzoea. Anapanda kwa kusitasita. Mikono inatetemeka. Analala hata usiku. Baadaye miguu ya nyuma inalegea, na mwisho ni degedege. Ikifika kwenye miguu, hiyo ni dharura ya leo. Mweke kwenye chombo kidogo kisicho na mahali pa kupanda, chenye joto, na umpeleke. Daktari anaweza kumpiga picha ya mifupa, kumpa kalsiamu na vitamini D kwa kipimo, na wakiwahiwa mapema wengi hurudi kutembea. Usimpe mwenyewe kidonge cha kalsiamu cha binadamu ulichosaga.

Tatizo ni kwamba si kila daktari wa mbwa na paka anawajua wanyama hawa. Chama cha madaktari wa wanyama wadogo wa kigeni, AEMV, kina orodha ya madaktari unayoweza kutafuta kwa eneo. Mtafute kabla hujamhitaji, na siku ya kwenda chukua pishi lako lililoandikwa na vipimo vyake, pamoja na picha ya kila unga unaotumia. Neno "namlisha vizuri" halimsaidii.

Kama glaida wako amezoea tufaha na chembe kavu, usimbadilishie ghafla. Anza na robo kijiko cha uji mpya pembeni ya alichozoea na uongeze taratibu kwa wiki moja hadi mbili, ukiangalia choo chake na mizani. Akigoma kula kabisa usiku mzima, rudi hatua moja nyuma. Mwili mdogo hivyo hauna akiba, na kuhara au njaa ya siku moja humwishia maji haraka.

Kabla hujanunua

Kama uko California, Hawaii au Alaska, sheria hairuhusu kumfuga nyumbani. Jiji la New York nalo halimruhusu. Kwingineko angalia sheria za jimbo na za mji wako, maana hutofautiana.

Akilishwa sawasawa anaweza kuishi miaka 10 hadi 12, na wengine huvuka hapo. Mtoto wa miaka 8 anayemwomba leo atakuwa chuoni, na uji wa asali bado utahitajika kwenye friza.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ambaye amesoma hadi hapa akimfikiria komba wa mwembeni: hapana. Kumkamata na kumweka ndani mnyama wa porini bila kibali ni kosa kisheria, Tanzania na Kenya. Na komba ana jino na harufu ambazo hutazipenda sebuleni.